Usukani Uliotoka Bafuni

Jumatatu, 6 Oktoba

Likizo imeanza leo. Nimechoka tayari.

Niandike mambo ya jana kama yalivyokuwa, maana mke wangu anayasimulia kwa namna yake, shemeji kwa namna yake, na kote kuwili mimi ndiye bwege. Mashua ilikwenda vizuri kabisa! Mashua ya mbao, nimeiunda mwenyewe hapa uani, tanga kalishona mke wangu. Ubavuni nimeandika TUTAFIKA kwa rangi nyekundu. (Mke wangu aliuliza kama rangi imebaki ya kuongeza alama ya kuuliza.) Nilimpakia mama mkwe na begi lake, tukakata ziwa kwenda ng'ambo kumwona dada yake. Upepo mwanana. Ufuko tunauona. Ndipo usukani ukagonga fungu la mchanga. Kraa! Vipande viwili.

Nikapiga kasia kurudi, njia nzima. Mama mkwe hakunilaumu. Alikuwa ameketi kanipa kisogo, anamtazama dada yake aliyesimama kule ufukoni anapunga kitambaa, mpaka kitambaa hakikuonekana tena. Afadhali angenitukana.

Tangu daraja la kwendea ng'ambo libomoke hawajaonana. Barabara ya kuzunguka ni siku nzima juu ya lori, na magoti yake hayataki kusikia habari ya lori. Simu nayo haisaidii. Dada mtu masikio yamechoka, kwa hiyo wanapigiana simu na kuitana majina kwa sauti mpaka salio linakata.

Shemeji, kaka yake mke wangu, ana mashua pia. Ni fundi wa friji, mtaa mzima unamwita Injinia, naye anaitika. Usukani wake umesimama kama wangu ule, umezama chini, kwa hiyo akifika kule hukwama mbali, tope kiunoni. Ametoa wazo: atambeba mama yake mgongoni. Mama mkwe akamjibu kwamba hajabebwa mgongoni tangu aachishwe ziwa na hana mpango wa kuanza.

Lakini leo asubuhi kalegea. Amesema Jumamosi lazima amwone dada yake. Nikiwa na usukani, atakwenda na mimi. Nisipokuwa nao, atapanda mgongo wa mwanawe na aibu ataimeza. Aliyasema hayo akiwa kwenye kiti changu cha dirishani. Tangu ahamie kwetu sijakikalia hicho kiti hata mara moja.

Nikamwambia aondoe shaka. Nitaunda usukani wa kupanda na kushuka. Kwenye kina unashuka, kwenye mchanga unapanda, mashua inakwenda mpaka mchanga mkavu, mama anashuka na viatu vyake. Cherehani ya mke wangu ikanyamaza kidogo. Kisha ikaendelea.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimechora siku nzima. Mgongo wote unauma.

Mchoro ni safi, najisifu mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine wa kunisifu. Usukani una mashavu mawili ya mbao yaliyofungwa nyuma ya mashua. Katikati ya mashavu unakaa ulimi, ubao mrefu unaoingia majini. Bolti moja inapita kwenye mashavu na ulimi, ndiyo bawaba yake. Kamba moja ya kuupandisha ulimi, nyingine ya kuushusha. Basi! Nashangaa watu hawalali wakiwaza kitu kama hiki.

Karatasi nilikosa. Nikachorea ile kubwa ya kaki iliyokuwa mezani kwa mke wangu. Sikujua ni pateni ya kaptula za shule, na yeye hakujua nimeigeuza. Akaikata kufuata mstari wangu, akaiweka juu ya kitambaa, akakata tena. Kaptula moja imetoka na mkia. Ameniita, akaiinua juu, akanitazama. Hakupiga kelele. Mke wangu siku hizi hapigi kelele, anashusha pumzi tu, na mimi zile pumzi zake ndizo zinazonimaliza.

Nilimwambia angalau sasa tuna mfano wa usukani wa kitambaa. Kosa. Nimekula chakula cha baridi.

Shida ni mbao. Mashavu ninayo, yametoka kwenye usukani uliovunjika. Ulimi ndio sina. Nilikwenda dukani kwa mbao, nikagonga ubao mmoja mmoja, nikasikiliza. Muuzaji akaniuliza nasikiliza nini. Nikaondoka. Mbao zake zote zina mafundo, halafu nyepesi, hazina heshima.

Nikarudi nyumbani, nikaenda bafuni kunawa. Nikafunga mlango. Nikauangalia mlango.

Mbao pana! Nzito! Hazina fundo hata moja!

Jumatano, 8 Oktoba

Mke wangu alikwenda kupeleka sare shuleni. Nikatoa bawaba.

Mlango wenyewe una tabia zake, nakiri. Mvua zikianza huwa unavimba na kung'ang'ania fremu, inabidi uutie teke ndiyo ufunguke. Mwaka jana mama mkwe alikwama humo akapiga mayowe, jirani akaja na shoka. Lakini sasa ni kiangazi, umetulia, umekauka vizuri. Kilikuwa kitendo cha huruma kuuondoa.

Mke wangu aliporudi nilimwambia nimeutoa mlango ili niupige randa. Sikusema uongo! Niliupiga randa. Kwanza niliukata na msumeno, kisha nikaupiga randa.

Kwa sasa bafuni tumetundika shuka. Nimetoa utaratibu: anayekuja akohoe, aliyemo aimbe. Mama mkwe ameukubali utaratibu kwa moyo wote. Anaimba kuanzia anapovua ndala mpaka anapozivaa, na anaoga taratibu. Nimesimama koridoni na taulo begani nikikohoa kama mgonjwa. Ameniambia kutoka ndani, mwanangu, nenda hospitali.

Jioni nilichonga ulimi. Mikono imechubuka, vumbi la mbao limeingia mpaka kwenye masikio. Lakini ubao unapendeza. Lile tundu la komeo limebaki upande mmoja, juu. Nitapitisha kamba humo. Hakuna kinachopotea kwangu.

Jioni hiyohiyo mama mkwe alinipita uani, akasimama. Akaniuliza kama kweli itafika. Si kwa dhihaka. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua apange nguo au asipange. Akasema dada yake ndiye aliyemlea baada ya mama yao kuondoka, ndiye aliyemfunga nywele siku ya harusi yake, na sasa kila akifumba macho uso wa dada unamjia nusunusu. Nilimwambia itafika. Nikaendelea kupiga msasa sehemu iliyokwisha kulainika.

Alhamisi, 9 Oktoba

Leo nimeubana ulimi kwenye mashavu. Jamani! Niliupiga randa, nikaupima, nikaupiga tena, kidogo kidogo, mpaka ukaingia ukilia kwiii kama kiatu kipya. Hakuna nafasi. Nilijaribu kupenyeza wembe kati ya ulimi na shavu, wembe ukagoma. Nilijaribu kupenyeza unywele wangu, unywele ukakatika, na mimi sina nywele za kuchezea.

Nilitaka kupaka vanishi. Nikipaka, ulimi hauingii. Basi sikupaka. Kazi safi haihitaji kufichwa na vanishi.

Shemeji akaja, kama kawaida yake, saa ya chai. Akautazama usukani, mikono nyuma, kama daktari anayeogopa kuwaambia ndugu. Akasema nimebana mno. Akasema mbao hunywa maji, na ikinywa hunenepa, niache nafasi kila upande ya unene wa kadi ya harusi, nipake na vanishi tabaka kadhaa. Nikamwuliza, kwa upole, friji ngapi zimemweleza habari za mbao. Akacheka, akamalizia chai yangu. Akasema shem, si lazima nimsikilize, yeye mgongo wake uko tayari.

Kijicho kitupu! Nimemjua huyu. Anataka kumbeba mama yake mbele ya watu wote wa ng'ambo, asifiwe, na mimi nibaki huku na kasia mkononi. Kuacha nafasi ni kazi ya mafundi wavivu, ili wasipime mara mbili. Nafasi! Nikitaka nafasi nitanunua kiwanja.

Niliujaribu kwenye pipa la maji. Hapo nikapata pigo. Ulimi ulielea! Kila nikiushusha unapanda wenyewe, taratibu, kama mtu anayeamka. Nikaushika chini kwa mkono, nikawaza. Unahitaji uzito. Sikupata muda wa kuuacha majini nione zaidi, kwa sababu mke wangu alitaka maji yake ya kufulia na aliniona nikiwa nimeinama nimezamisha mkono mpaka bega. Akauliza nimeangusha nini. Nikasema hakuna. Akasema pipa ni la kufulia nguo, si la kufulia milango.

Hajajua. Alitania tu. Nadhani alitania tu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Hoi. Vidole viwili nimefunga kitambaa.

Nilitoboa shimo ncha ya ulimi ili nimimine risasi, zile za kwenye nyavu kuukuu. Risasi huyeyuka haraka kwenye moto, hilo nalijua. Nisilolijua ni kwamba sufuria ya maziwa huwa na kitako chembamba. Nilipoinua sufuria, kitako kilibaki kwenye jiko. Risasi ikamwagika uani, ikaganda, ikawa kama ramani ya nchi isiyojulikana. Niliibandua kwa patasi, nikaiyeyusha upya kwenye bati la rangi, nikamimina. Imekaa! Ulimi sasa unashuka wenyewe. Nimeupandisha na kuushusha kwa kamba mpaka nikachoka. Ukiwa mkavu unalia kwiii unapopanda na kwiii unaposhuka. Nimezipenda hizo sauti.

Sufuria nimeizika nyuma ya nyumba. Mke wangu ameuliza maziwa yachemshwe kwenye nini. Nikasema watu wengi siku hizi wanayanywa baridi.

Mama mkwe amepanga begi. Limekuwa zito, limefungwa na kamba juu ya zipu. Nikamwambia tunakwenda na kurudi, mbona mzigo wote huo. Hakunijibu. Ameketi kwenye kiti changu, begi miguuni, anatazama dirishani upande wa ziwa ingawa kutoka pale ziwa halionekani, kinachoonekana ni ukuta wa jirani.

Nikaogopa. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Usukani huu usipofanya kazi, huyu mama atafika kwa dada yake akiwa amebebwa kama gunia, na kila nitakapomwona nitakumbuka. Nimekwenda uani nikauangalia tena. Hauna kosa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Sina nguvu ya kuandika lakini sitaki kusahau sehemu ya kwanza.

Tuliondoka asubuhi. Majirani walikuja kuaga, yaani kutazama. Shemeji akatangulia na mashua yake, eti atatusindikiza, mgongo karibu. Nilishusha ulimi. Kwiii! Ukashuka. Nikavuta mpini kushoto, mashua kushoto. Kulia, kulia! Mama mkwe akashika begi akasema mbona raha. Nilitaka kulia machozi. Tulikata ziwa vizuri kabisa, mpaka nikaanza kuimba, mpaka mama mkwe akaniomba niache.

Tukalikaribia fungu la mchanga. Shemeji mbele yetu, kishindo! Akakwama. Nikavuta kamba ya kupandishia. Ulimi haukutikisika. Jasho likanitoka. Nikaizungusha kamba mkononi, nikaweka mguu kwenye mbao ya nyuma, nikavuta kwa nguvu zangu zote na za marehemu baba yangu. Ukapanda! Haukulia kwiii. Ulilia kama mtu anayeng'olewa jino. Lakini ulipanda! Tukateleza juu ya mchanga, tukampita shemeji akiwa anavua suruali ili ashuke kwenye tope, nikampungia mkono. Mashua ikaenda mpaka ikalala ufukoni.

Mama mkwe akashuka kwa miguu yake. Maji yalimfika kwenye vifundo.

Dada yake alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, palepale maji yanapokomea. Sijui alikuwa hapo tangu saa ngapi. Hawakupiga kelele kama kwenye simu. Dada mtu alimshika uso kwa mikono miwili, akaupapasa, paji, mashavu, kidevu, kama anayekagua kama vyote vimerudi. Kisha akasema amekonda, nani anampikia. Mama mkwe akasema yeye ndiye aliyekonda. Wakaanza kubishana hapohapo nani kakonda zaidi, huku hawaachiani. Mimi niligeuka nikajifanya nakunja tanga. Shemeji alifika nyuma yangu, tope mpaka kifuani, suruali kichwani, naye akajifanya anakunja tanga langu.

Hapo ndipo ningetaka siku iishe.

Wakati wa kurudi ulipofika, mama mkwe alisema harudi. Begi lile lilikuwa na nguo zake zote. Akasema nilipomwuliza jana hakutaka kunisumbua na maelezo. Atakaa mpaka amchoke dada yake. Haya. Nikasukuma mashua majini, nikafungua kamba, nikasubiri ulimi ushuke.

Haukushuka.

Nikavuta kamba ya kushushia. Kamba ikakatika, nikakaa chini kwa makalio kwenye maji ya ndani ya mashua. Nikasukuma kwa mkono. Nikapiga teke. Nikapiga na jiwe. Nikaubembeleza, naona aibu kuandika, nikauambia haya baba, twende. Ulimi umekaza kati ya mashavu, umenona, hauendi juu wala chini. Mashua ikaanza kuzunguka palepale kama kuku aliyekatwa kichwa, na tanga likanipiga sikioni. Wale kina mama wawili walikuwa wanatazama kutoka ufukoni. Nilisikia mama mkwe anamwelezea dada yake kwa sauti, kwa ajili ya masikio yake, kwamba huyo ndiye mkwe, na ana moyo mzuri.

Shemeji amenivuta kwa kamba mpaka nyumbani. Njia nzima hakunisema. Ubaya wake ni huo, angesema ningejibu.

Mke wangu alikuwa gatini. Aliuangalia usukani kwa muda. Akapitisha kidole kwenye lile tundu la komeo, akakizungusha, akakitoa. Akaniuliza mlango wa bafu ukivimba wakati wa mvua, huwa tunafanyaje. Nikamwambia huwa naupiga teke. Akanitazama, akasubiri, kana kwamba kuna maneno yaliyobaki ambayo ni ya kwangu kuyasema. Nikafikiri sana. Ni kweli. Teke nililopiga leo lilikuwa moja tu.

Akashusha pumzi, akatangulia nyumbani.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimelala mchana wote. Kila kiungo kinadai haki yake.

Nimekaa kwenye kiti changu cha dirishani. Kumbe kina msumari unaochoma. Huyu mama amekaa juu ya msumari muda wote huu bila kusema. Nyumba imekuwa kimya. Nilipokwenda kuoga nilikohoa mlangoni, sijui kwa nini. Hakuna aliyeimba.

Mke wangu amefukua sufuria. Sijui alijuaje. Ameiweka katikati ya meza, bila kitako. Tumekula tukiitazama.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimerudi kazini nikiwa nimechoka kuliko nilivyoondoka. Bosi kaniuliza likizo ilikuwaje, nikamwonyesha vidole.

Jioni mama mkwe amepiga simu. Hajambo, dada hajambo, wameshagombana mara mbili kuhusu chumvi. Akasema atarudi mwisho wa mwezi. Shemeji akadandia simu akasema atamfuata yeye na mgongo wake. Mama mkwe akakataa! Nimesikia kwa masikio yangu. Akasema anataka mashua ya mkwe wake, ile inayomfikisha mtu mpaka ufukoni. Nikaomba asirudie kwa sababu salio linakwisha, lakini nilitaka arudie.

Shemeji, kabla ya kuondoka, akasema basi shem, safari hii acha nafasi ya unene wa kadi. Mke wangu naye akasema acha nafasi. Nimewaitikia wote wawili. Mtu akichoka huitikia tu.

Lakini nimeshalipata kosa. Nimeliwaza njia nzima kutoka kazini. Maji yaliingia kati ya ulimi na mashavu! Yaliingiaje? Kwa sababu kulikuwa na nafasi! Ndogo, isiyopitisha wembe, lakini maji si wembe. Safari hii nitaubana ulimi mpaka tone lisipate pa kupenya. Na mbao lazima iwe imara zaidi, ile ya bafu ilikuwa laini.

Kesho mke wangu anapeleka sare tena. Nimeupima mlango wa jikoni kwa jicho wakati nakunywa chai. Mbao zake ni nene mara mbili ya zile za bafu, na wakati wa mvua haufunguki kabisa, hata kwa teke. Hiyo ndiyo mbao!